Gobore Lililoshindiliwa Mara Mbili

Juzi nimepita sokoni Mwanga nikaona kanga wawili wamefungwa miguu kwa kamba. Nikasimama pale mpaka muuzaji akadhani nanunua. Sinunui, ndugu yangu, nakumbuka tu.

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nakueleza ninavyojua. Kwetu Simbo, kanga walipoanza kufukua karanga, babu alitoa gobore lake. Hakwenda nalo porini hivi hivi. Alitundika ungo mkuukuu kwenye kichuguu, akahesabu hatua thelathini, akaupiga, kisha akakagua matundu. Palipokuwa na pengo la kupitisha ngumi, alisema kanga naye atapita hapo hapo, akapunguza baruti. Ungo wenyewe bibi aliulilia kila mwaka, ila hayo tuyaache.

Sharti lilikuwa moja: gobore likishashindiliwa, hakuna kusema mpaka lilie. Neno la mtu, walisema, linapotosha risasi.

Mwaka huo macho ya babu yalishaingia ukungu. Bibi akamtania, mbele ya majirani waliokuja kutazama ungo ukipigwa, kwamba ataacha kanga apige mbuzi wa mtu. Babu akanuna. Akamimina baruti, tambara, vipande vya chuma, akashindilia kwa ile fimbo ya chuma, wala hakupima. Siku zote, shehena ikishakaa, fimbo ilibaki nje ya mdomo wa bomba vidole vinne. Safari hii ilibaki shubiri nzima. Nikakumbuka: asubuhi nilimwona mjomba akilishindilia gobore lile lile, kabla hajaitwa shambani. Babu hakujua.

Akachomoa fimbo, akaweka fataki ya kuwashia baruti, akaegemeza shavu. Nikisema, mimi mtoto wa kike nimevunja mwiko mbele ya majirani. Nikinyamaza, bomba linampasukia usoni. Nikamtazama bibi, ameziba mdomo kwa kiganja.

"Babu, usipige. Mjomba alishalijaza."

Hakugeuka. Kidole kilikuwa bado kwenye kifyatulio. Kisha akalishusha polepole, akatoa fataki, akarudisha fimbo ndani, akapima. Vidole vinne vikaenea, akaongeza vinne vya mkono wa pili, navyo vikaenea. Akakaa chini vumbini.

"Mbona umechelewa kusema?"

Tangu siku hiyo alibadili sharti. Akishashindilia, alitugeukia wote, hadi sisi watoto, akauliza, "Kuna mwenye neno?" Akangoja kweli, macho yale mabovu yakitupitia mmoja mmoja.

Gobore lilisalimishwa serikalini, babu tulishamzika. Nimekaa vikao vingi vya ukoo tangu hapo, Simbo na hapa mjini Buzebazeba. Wakubwa wanaamua, dua inasomwa, tunatawanyika. Swali lile sijaulizwa tena.