Jina la Baba Godana

Batula alikuwa amechoka kabla safari yenyewe haijaanza. Alichoka na foleni za kutafuta pasipoti, akachoka na picha aliyorudia kupigwa eti kwa sababu sikio halikuonekana, na sasa alikuwa amechoka na Jecinta, jirani yake, aliyekaa mbele yake juu ya debe akiwa amevaa koti la mumewe ili afanane na balozi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tano. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa familia kule Biliqo, na mume wa Batula akarudi nyumbani na homa ambayo haikumwachilia. Mjane akabaki hapa Isiolo, mtaa wa Bula Pesa, na watoto na mama mkwe wake, Kabale, akichuuza maziwa ya ngamia wa watu wengine. Kisha ikatokea kazi ya nyumbani kwa Waarabu. Ili apate viza, ilibidi Jumatatu ahojiwe kwenye ubalozi mdogo kule Nairobi. Akishindwa, watoto hawarudi shule, ndiyo hivyo tu.

"Unajua kupika?" Jecinta aliuliza kwa sauti nzito.

"Najua."

"Kupiga pasi?"

"Najua." Huo ulikuwa uongo, lakini uongo mdogo.

"Mume wako alikuwa anaitwa nani?"

Batula akatazama chini. "Baba Godana."

"Nimeuliza jina lake."

"Si ndiyo hilo? Baba Godana."

Haya, hapo ndipo gari lilipokwama. Mke wa Kiborana, kwa desturi waliyomlea nayo Batula, hamtaji mumewe kwa jina. Hamtaji akiwa hai, na akifa ndiyo kabisa. Batula aliolewa, akazaa, akazika, na mdomo wake haukuwahi kulitamka jina lile hata siku moja. Kwenye cheti cha kifo limeandikwa, sawa, lakini hao watu wa viza hawaangalii karatasi peke yake, wanataka mdomo ukubaliane na karatasi. Habsa wa Kinna, mjane mwenzake, alinyamaza hivyohivyo pale dirishani, wakadhani cheti ni cha kuazima, wakamrudisha kwao.

Jecinta ni Mturkana, na yeye humwita mumewe Lokaale mbele ya kila mtu, tena kwa kelele. Jambo hili lilimshinda kabisa.

"Mama Godana, mtu amekufa. Nani atakasirika?"

"Mama yuko hapo nje."

Kweli, Kabale alikuwa ameketi mlangoni, tasbihi mkononi. Tangu kumzika mwanawe alikuwa hasemi mengi. Nyumba nzima ilikuwa imezoea kulikwepa jina lile, kila mtu akidhani anamhurumia mwenzake.

"Tuache leo," Batula akasema.

"Kesho unapanda basi. Tutaacha mpaka lini?"

Batula akafumba macho. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akajiona kama anavua nguo mbele ya wakwe. Lakini alikuwa amechoka mno, hata aibu yenyewe ikakosa pa kukaa.

"Hirbo," akasema. "Hirbo Kanchoro."

Pale mlangoni tasbihi ilinyamaza. Batula akangoja kukemewa. Alijua ameharibu, na alikuwa tayari kupiga magoti kuomba msamaha.

Kabale akaingia polepole, akishika ukuta, akaketi kitandani karibu naye. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Sema tena."

"Mama, nisamehe."

"Nimekwambia sema tena. Tangu tumzike hakuna mtu amemtaja kwa hii nyumba. Mimi mwenyewe nashindwa."

"Hirbo Kanchoro," Batula akasema, sasa akilia waziwazi. Jecinta alivua lile koti taratibu, akalikunja mapajani.

Kabale alimshika mkwewe mkono.

"Nenda kwa hao Waarabu," akasema. "Watoto nitaangalia. Lakini huko ukiwa jikoni peke yako, umtaje. Umtaje kila siku. Hapa kwetu ameanza kupotea."