Msala wa Shabani Katika Nyumba ya Bendi

Juzi jirani yangu aliloweka ukindu kwenye beseni uani, akaniomba nimwangalizie kuku wasije wakaupekua. Nikainama kuugeuza, na ile harufu ya majani mabichi na maji yaliyolala ikanipanda puani. Basi, utu uzima ukanitoka hapo hapo. Nikawa yule mtoto wa Maparoni, kule delta ya Rufiji, nimekaa barazani, miguu nimeinyoosha, namchambulia Bibi ukindu huku ananigombeza kwa kuupasua ovyo. "Mke mwenzangu," alikuwa akiniita, maana kwa hesabu zake Babu alikuwa mume wetu sote wawili, "ukisuka hivyo mumeo atalala kwenye matundu!"

Kwetu wanaume walivua na kukata boriti mikokoni, na mpunga tulilima sote. Bibi yangu, Bi Mwajuma, juu ya hayo yote alisuka misala, mikeka ya kuswalia. Tena si misala ya kubahatisha. Watu walitoka mbali kuitafuta, na yeye akijua anatafutwa alijifanya hana nafasi, ilimradi wambembeleze kidogo.

Kila Alhamisi jioni alichoma ubani akawarehemu wafu wetu. Aliwataja mmoja mmoja na baba zao, fulani bin fulani, fulani binti fulani, kwa sauti ya mtu anayeita watu waje kula. Mwisho kabisa sauti ilishuka, akasema, "Na Shabani." Basi. Shabani wa nani, hasemi. Mimi kwa akili yangu ya kitoto niliona huyo ni mtu aliyezaliwa bila baba, nikamhurumia sana.

Mama ndiye aliyenieleza, tena kwa kunong'ona. Shabani alikuwa mdogo wake Bibi, baba mmoja mama mmoja. Ujanani alipeleka samaki wakavu Kibiti, akapita mahali bendi ya roki inafanya mazoezi, vijana wenye magitaa ya umeme na suruali za bugaluu. Samaki waliuzwa, pesa zikafika nyumbani kwa mkono wa mtu mwingine, Shabani hakurudi. Bendi ile iliishi nyumba moja, wakilala humo, wakipika humo, wakipiga kelele zao humo humo. Baba yao Bibi na Shabani, Mzee Athumani, alifunga safari akasimama nje ya nyumba hiyo, wala hakubisha hodi. Akasema mbele ya watu: "Aliyeiacha kibla kwa ajili ya gitaa asiitwe mwana wa Athumani." Kisha akamkataza Bibi naye asitie mguu mle maisha yake yote.

Shabani alifia safarini na bendi, akazikwa huko huko bara. Nyumbani hakusomewa hitma. Mzee Athumani naye akaja akafa, na neno lake hakulirudisha. Na kilichomtafuna Bibi, wasomaji wangu, wala si muziki. Muziki aliupenda, akipepeta mchele kiuno hakikutulia. Kilichomtafuna ni kwamba hakujua kama ndugu yake aliondoka duniani akiwa anaswali au ameacha. Angemwuliza nani? Bendi ilikwisha kusambaratika, na nyumba yenyewe alikatazwa.

Mwaka mmoja mjomba akaja na habari kwamba nyumba ya bendi imefanywa makumbusho. Mzee Kondo, mpiga dramu wao, ndiye aliyebaki nayo, kakusanya magitaa na maspika na manguo yao ya jukwaani, na wanafunzi wanapelekwa kuangalia. Bibi aliendelea kusuka kama hakusikia. Usiku ule hakula vizuri. Asubuhi akatoka amejifunga kanga mpya, akatutangazia: "Baba alinikataza nyumba ya bendi. Makumbusho hakunikataza."

Babu akacheka mpaka akakohoa. Bibi akanishika mkono, tukavuka kwa boti hadi Nyamisati, tukapanda gari la kwenda Kibiti.

Nyumba ilikuwa ndefu, ya bati, yenye korido katikati na vyumba huku na huku. Nilitegemea jumba la ajabu, nikaona nyumba kama za watu wote, ila mlangoni wamechora gitaa kubwa jekundu. Bibi alisimama kizingitini. Akatazama miguu yake, akavua ndala, akasema bismillahi, akapiga hodi.

"Karibu, karibu, hapa hapapigwi hodi!" Mzee Kondo alitokea, mwembamba, kofia ya kiua kichwani na shati la maua lililokuwa kubwa kuliko yeye. Akaambiwa mgeni ni nani. Kisha akamshika Bibi mikono yote miwili. "Dada yake Shabani! Hee! Dada, mbona umechelewa hivi?"

"Nilikatazwa, kaka yangu."

"Najua. Siku ile nilikuwa dirishani."

Alituonyesha vyote. Kulikuwa na dramu zilizopasuka ngozi, sufuria lao la ugali lenye kibonyeo, viatu vya raizoni ambavyo mimi niliviona ni vigoda, na picha ya vijana wenye minywele, mmoja ana pua ya Bibi kabisa. Bibi aliiangalia ile picha, akasema, "Amekonda," basi akapita. Nyuma yetu waliingia wanafunzi na mwalimu wao, wakibanana kwenye korido.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha Shabani. Wamekizungushia kamba, na ndani yake gitaa limelazwa sakafuni juu ya kipande cha mkeka wa ukindu kilichofifia. Bibi alipokiona aliniachia mkono. Akaiinua kamba, akapita chini yake, akapiga magoti.

"Mzee Kondo, niondolee hili gitaa."

Likaondolewa. Chini yake kulikuwa na msala, wa zambarau pembeni, ila ncha moja ni kijani. Hata mimi niliujua mkono ule wa kusuka. Ukindu wa zambarau ulimwishia katikati ya kusuka, alinieleza baadaye, na mchukuzi alikuwa anaondoka, akamalizia na kijani. Alimtumia Shabani msala ule kwa siri, baba yao asijue, na hakupata kusikia kama ulifika au uliuzwa njiani.

Akaupitisha mkono juu yake pole pole. Mahali pawili, sambamba, ukindu ulikuwa umesagika mpaka sakafu inaonekana. Na mbele, karibu na ile ncha ya kijani, palikuwa pamechakaa mahali pamoja, padogo, pa kutosha kiganja. Bibi aliweka kiganja chake hapo akakiacha. Akaanza kulia.

Mimi nikaona msiba wa msala kuharibika. "Bibi usilie," nikamwambia, "tutasuka mwingine."

Akacheka huku analia, makamasi na yote. "Mwingine wa nini, mke mwenzangu? Huu ndio mzuri."

"Alikuwa anatuudhi huyo," Mzee Kondo akasema. "Tunarudi alfajiri kutoka kupiga, sisi tunajitupa vitandani na viatu, yeye anagongagonga ndoo anatafuta maji ya udhu. Tulikuwa tunamtukana, Mungu atusamehe. Wakati mwingine anasahau kubadili nguo, anasujudu na shati la kung'aa la jukwaani."

Wakati ule ule adhana ya adhuhuri ikalia msikiti wa jirani. Bibi alikwenda uani akatawadha. Aliporudi, akautazama ule msala, akatazama dirisha. "Mmeuelekeza barabarani," akasema, akaugeuza kwa mikono yake mpaka ile ncha ya kijani ikaelekea kibla. Akajitanda kanga, akasimama kuswali mle mle ndani ya kamba, na kila akisujudu magoti yake yakatua kwenye matundu ya Shabani.

Wanafunzi walikuwa wamejazana mlangoni. Mmoja akamvuta mwalimu shati: "Mwalimu, huyu bibi naye ni wa bendi?"

Tulipoondoka Mzee Kondo alitaka kumpa ule msala. Bibi akakataa. Ubaki pale pale, alisema, ila gitaa lisimame ukutani, lisilale juu yake tena.

Wiki ile ile Bibi akafanya hitma. Ulipikwa wali wa nazi, watu wakajaa, wajomba wakaja na maswali yao machoni. Mwalimu wa madrasa akauliza kutoka barazani, "Haya, tunamrehemu nani?" Bibi alikuwa ndani na wanawake, mimi nimeegemea paja lake. Akapaza sauti iliyosikika mpaka kwa jirani:

"Shabani bin Athumani."

Barazani wajomba wakatazamana. Mjomba mmoja alikohoa. Kisha mwalimu akalirudia jina vile vile kama alivyopewa, na kisomo kikaanza.

Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na wazazi wangu mwenyewe wa kuwarehemu, kwamba siku ile Bibi alilivunja neno la baba yake mbele ya ukoo mzima, na kwamba alisubiri karibu umri wake wote apate cha kulivunjia. Hakuwa mtu wa kubishana na marehemu kwa hisia tu. Alitaka kwanza autie mkono ule msala.

Lakini wakati ule mimi nilichoshangaa ni kitu kimoja tu. Nikamvuta kanga, nikamnong'oneza, "Bibi, kumbe Shabani ana baba?"

"Anaye," akasema, akinisogezea sahani. "Siku zote alikuwa naye."