Mkono Ulioshika Tochi

Kabla Wilkista hajaja, kompyuta za kiwanda zilikuwa za Chelangat. Yeye ndiye aliyeingiza kilo za majani ya chai kutoka vituo vyote, Kapsoit hadi Sosiot, na seva ikikwama ni yeye aliyeitwa. Kanisani wakulima walimwita mama wa kompyuta, naye akajifanya hapendi.

Wilkista aliletwa mwaka wa tisini na nne, msichana wa pande za ziwani, mwepesi wa kucheka. Chelangat alimkalisha kando yake akamfundisha kazi yote. Kwa hiyo kiwanda kilipotaka kumpeleka mtu Nairobi kusomea matengenezo ya mashine, Chelangat alianza kutafuta wa kumwachia mtoto wake, Nelvine. Jina lililotoka likawa la Wilkista.

"Huyo amemaliza fomu foo," meneja, Bwana Kiplimo, alimwambia. "Wewe utaenda baadaye."

Chelangat alisema ni sawa. Jioni alisonga kimyet, ugali wa kwao, kwa nguvu hadi mumewe, Kipkirui, akauliza hiyo sufuria imemkosea nini.

Wilkista alirudi na bisibisi ndogo ndani ya mkoba na maneno mapya mdomoni. Kilichomuuma Chelangat ni kwamba msichana hakuringa. Angeringa, ingekuwa rahisi kumchukia. Badala yake alimletea kitambaa cha kichwa. "Nimeona hii rangi nikakukumbuka, Mama Nelvine." Chelangat alishukuru, akakitia chini kabisa ya sanduku, asikivae hata Jumapili moja.

Seva yenyewe ilikuwa imezeeka. Wakulima walikuwa wameongezeka, na mwisho wa mwezi ilijikokota hadi makarani wakaondoka kwenda kunywa chai wakiisubiri. Ikaamuliwa iongezewe memori, na kazi hiyo akapewa Wilkista. Chumba kilikuwa na giza, akamwomba Chelangat amshikie tochi.

Wilkista alizima mashine, akaifungua, akagusa bati lake kwanza ili umeme wa mwilini usiharibu kitu. Kisha akaitoa kadi mpya, kibao chembamba kama kitana. Ilitakiwa iingizwe kwa kulazwa, halafu isimamishwe mpaka vibanio vya kando viishike. Cha kulia kilishika. Cha kushoto, nyuma ya waya nyingi, hakikushika; palibaki mwanya kama wa ukucha.

Chelangat aliuona. Mwanga ulikuwa mkononi mwake. Akausogeza kulia.

Mashine ilipowashwa, ilihesabu memori yake kwenye kioo, ikasimama palepale pa zamani. Wilkista akazima, akaikandamiza kadi, akawasha tena. Palepale.

"Umeona shida yoyote hapo upande wako?"

"Hapana," Chelangat alisema. Neno lilitoka laini kuliko alivyotarajia.

Bwana Kiplimo aliingia akasimama mlangoni, mikono kifuani. Wilkista alieleza kwamba huenda kadi imekufa, huku jasho likimtoka. Chelangat alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ile safari ya Nairobi akahisi kifua kimefunguka. Usiku huo alilala vizuri.

Alhamisi akaja fundi kutoka Nakuru, Bwana Arasa. Aliinama, akatia kidole gumba nyuma ya waya, pakalia tlak. Mashine ikahesabu ikapita pale ilipokuwa ikikwama.

"Kumbe ni kusukuma tu," meneja alisema. "Basi kuanzia leo hii mashine itafunguliwa na Bwana Arasa peke yake. Mambo ya kozi yameisha." Akamgeukia Chelangat. "Hata yako ya Agosti nimefuta. Huyu Wilkista alikuwa amenisumbua sana juu yako, mpaka nikakubali."

Walipobaki wawili, Wilkista alifunga mkoba wake polepole.

"Tochi ilikuwa kwako," alisema.

"Sikuona."

"Uliitoa hapo, Mama Nelvine. Nilidhani mkono umechoka."

Tangu hapo walikaa meza moja wakizungumza kilo na namba za wakulima, basi. Wilkista aliendelea kucheka, lakini na wengine, na kila kicheko kilimkata Chelangat kana kwamba ni yeye aliyenyimwa kitu.

Mwaka wa tisini na nane Wilkista alipata kazi Kisumu, kwenye kampuni ya kompyuta. Siku ya kumuaga makarani waliandaa soda na mandazi. Chelangat alikuja ameazimia kumwambia ukweli. Akamngoja hadi watu wakapungua, akamsogelea.

"Huko mtakuwa na mashine nyingi?" ndilo lililomtoka.

"Chumba kizima," Wilkista alisema, akampa mkono kama anavyopewa mgeni.

Chelangat akaushika. Moyoni alikuwa ameshaanza kuzihesabu zile mashine.