Maharage Mbele ya Posta

Mbele ya posta ya Bukavu, kando ya barabara kubwa, kuna kipande cha ardhi kisichozidi hatua sita kwa mbili. Leo kimejaa vibanda, udongo wake huuoni, na mtu akinikuta nimesimama pale anadhani nataka kununua kitu. Wauzaji wamenizoea. Wananiita Papa, wananisogezea kiti cha plastiki, wananionyesha soksi na betri za redio. Sitaki soksi. Nimekuja kumtafuta mama yangu, na najua vizuri kwamba hayupo.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa agent wa zone, yaani mtumishi wa serikali ya mtaa, katika ofisi iliyosimamia usafi na urembo wa katikati ya mji. Msicheke. Urembo ulikuwa kazi, na mimi niliipenda kuliko kazi nyingine yoyote niliyofanya baadaye. Tulikuwa na kamba ya kupimia, mapipa mawili ya chokaa, majembe yaliyolegea mipini, na kila Jumamosi asubuhi tulikuwa na salongo, ile kazi ya wote, ambapo mwenye duka na mfanyakazi wake walitoka pamoja kuzibua mitaro, mmoja akifanya kazi na mwingine akishika kiuno. Mimi nilipita katikati yao nimevaa abakosti yangu ya kahawia, ile suti ya enzi zile isiyo na tai, daftari mkononi, nikijiona mkubwa. Mungu anisamehe, nilikuwa na majivuno mengi kwa kijana aliyepanga vyumba viwili vya udongo kule Kadutu.

Katika vyumba hivyo viwili niliishi na mama. Baba alikuwa amefariki, mimi ni mwana wa pekee wa mama, nikaenda kijijini kwetu Nyantende kumchukua. Nilidhani nampumzisha. Kumbe nilikuwa nimemfunga. Mwanamke aliyelima tangu utoto wake alikaa mlangoni akitazama mabati ya majirani, mikono juu ya magoti, akifagia ua mpaka vumbi likaisha. Jioni moja, huku akinipakulia bugali, alisema bila hasira yoyote:

"Mutoto yangu, mi nitarudia Nyantende. Huku batu banakula bila kulima. Mi siwezi."

Nilimwomba anipe muda kidogo. Nilimwambia mji una mambo mengi, atazoea. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kurudi kutoka kazini na kukuta mlango umefungwa, na niliogopa zaidi kwamba atafia kule mlimani peke yake, nami nikiwa nashughulika na chokaa. Nilimtaka abaki. Hilo ndilo nililolitaka mwaka ule, na sikutaka kitu kingine.

Basi komiseri mpya, mkuu wa zone, akaja na mpango wake. Alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa mto mkubwa, aliyesema Kilingala na Kifaransa na Kiswahili cha kuokoteza, maana siku zile mkubwa hakupewa kazi kwao. Aliutazama mji, akatazama ziwa pale chini na zile rasi zake zinazoingia majini, akasema mji mzuri namna hii hauwezi kuwa na kandokando za barabara zilizojaa majani na mifupa ya mbuzi. Akaamuru zilimwe bustani za maua kuanzia posta mpaka mwisho wa maduka. Kila kipande kitapimwa na kukabidhiwa jamaa moja ikitunze, na miche ya maua italetwa na zone.

Nikaona Mungu amenijibu. Niliandika jina la mama yangu kwenye kipande cha kwanza kabisa, kile cha mbele ya posta, chenye udongo mweusi. Nilimleta mwenyewe. Nilinyoosha kamba mbele ya macho yake, nikapigilia vijiti vinne kwenye pembe, nikamwambia: "Mama, hapa ni kwako."

Aliinama, akachukua udongo kiganjani, akaunusa. Njia nzima ya kurudi Kadutu alitembea mbele yangu, mimi nikimfuata nyuma kwa kuhema. Kwetu Bushi, mtu akikupimia ardhi kwa kamba na kukupigilia vijiti mbele ya mashahidi, hakukupa kazi ya kutunza maua. Amekupa shamba. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, na siku ile halikunipitia kichwani hata kidogo. Abakosti ilikuwa imenibana akili.

Jumatatu iliyofuata, saa nne hivi, nikiwa nimekaa ofisini, mlango ukafunguliwa akaingia mama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Mgongoni, kwa kamba ya kichwani, alikuwa amebeba kibuyu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na chini ya kwapa alikuwa na kuku jike aliyefungwa miguu. Alikuwa amekwenda Nyantende na kurudi kwa miguu kuvileta. Wenzangu waliacha kuandika. Nikasimama nimuulize ana nini, na kabla sijafika mlangoni komiseri mwenyewe akatoka chumba cha ndani.

Mama akapiga goti. Akaweka kibuyu na kuku miguuni pa komiseri. Akasema kwa Kimashi, lugha yetu, kwa sauti ya chini, maneno ambayo mtu husema anapoleta kalinzi, na mimi, macho kwa wenzangu, nikasikia mwanzo tu. Kalinzi ndicho kile unachompa mwenye ardhi ili shamba liwe lako kweli, wewe na watoto wako. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu shamba halichukuliwi kwa mkono mtupu. Mwenye ardhi akikataa zawadi, shamba huna. Akinywa, maneno yamekwisha.

"Mama anasema nini?" komiseri akaniuliza.

Hapo ndipo ningesema. Ningeweza kumwambia komiseri, kwa heshima, kwamba mama amekosea, au kumwambia mama, kwa upole, kwamba huyu si mwami, si mfalme mwenye ardhi. Lakini wenzangu walikuwa wanaziba vinywa kwa vicheko, yule kuku alikuwa amechafua sakafu niliyoisimamia ikipigwa deki asubuhi, na mimi, mwana wa mwanamke yule, nikamwonea haya mama yangu.

"Anasema asante, citoyen komiseri," nikajibu, maana siku zile kila mtu aliitwa citoyen, raia.

Komiseri akacheka kwa furaha, akaomba kikombe. Akanywa. Akafuta midomo. "Masanga ya malamu! Pombe nzuri! Melesi mingi, mama." Akanywa cha pili. Mama akainuka, akapiga makofi mara tatu polepole kama desturi inavyotaka, akaondoka akiwa na shamba.

Miche ya zone ilichelewa, kama vitu vya zone vilivyochelewa siku zote. Mvua za Septemba hazikuchelewa. Miche ilipofika, ile ya maua mekundu yenye majani mapana, mama aliitazama, akaniuliza: "Hii inakulwa?" Nikasema hapana. Akapanda mitatu pembeni ili asiniaibishe, maana katikati yote, kwa mistari iliyonyooka kuliko mistari ya daftari langu, tayari kulikuwa na maharage yaliyochipua.

Wiki zile nazitamani mpaka leo. Nimekula katika nyumba za watu wakubwa, nimepanda ndege, nimeona Kinshasa, lakini mkiniuliza wapi nilishiba, nitasema ngazi za posta. Saa sita mama aliacha jembe, akanawa mikono kwenye mfereji, tukakaa wawili tukila viazi vitamu alivyovifunga kwenye jani la ndizi vikiwa bado vya moto. Chini kulikuwa na ziwa. Alikuwa amejuana na kila mtu: wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mpiga muhuri wa posta, yule fundi saa aliyekuwa na jicho moja la kioo. Wote walikuwa wanamtania. "Maman, tutakula lini?" Naye anawajibu: "Mulete mafuta, maharagi iko." Hakusema tena habari za kurudia Nyantende. Usiku nilimsikia akiimba huku akichambua mbegu, nikalala kama mtoto.

Maharage yakatoa maua, meupe na ya zambarau. Komiseri akapita na gari lake, akashusha kioo. "Citoyen agent, haya maua mazuri ni ya namna gani?"

"Ni maua ya kwetu, citoyen komiseri."

Wenzangu walicheka wiki nzima. Nami nilicheka. Niliwaza kwamba nimeshinda.

Lakini ua la maharage halikai ua. Lilipokuwa linageuka ganda, ikaja habari kwamba mgeni mkubwa anatoka Kinshasa, na komiseri akaamua kukagua bustani zote kwa miguu. Nilitembea nyuma yake. Mbele ya posta akasimama. Akainua jani kwa ncha ya fimbo yake, akaona maganda yananing'inia, mabichi, yamejaa nusu. Akanigeukia.

"Hii ni madesu," akasema, maana kwao ndivyo maharage yanavyoitwa. "Tumemletea mgeni wetu jiko barabarani? Kesho salongo. Yang'olewe yote. Na utayang'oa wewe."

Yalikuwa yamebaki majuma matatu tu. Ningeweza kumwambia: citoyen komiseri, ulikunywa. Ulikunywa vikombe viwili, ukashukuru, na kwetu aliyekunywa hang'oi. Hata mwami mwenyewe akitaka kulichukua tena shamba lake hungoja aliyepanda avune kwanza. Hakuwa mtu mbaya yule. Huenda angecheka, akanipa hayo majuma matatu, akaweka askari mmoja asimame mbele ya maganda. Sijui. Sitajua kamwe, kwa sababu nilichosema ni "Ndiyo, citoyen komiseri." Nilifikiria kazi yangu.

Jioni ile sikumwambia mama. Asubuhi alinikuta pale nimekunja mikono ya shati, nimekwisha kung'oa mistari miwili. Alikuwa amekuja na jembe lake begani kama siku zote, na viazi vyake kwenye jani. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane mbele ya watu wote. Hakufungua mdomo. Alisimama mpaka nilipomaliza, kisha akainama, akakusanya mimea yote niliyoitupa, mmoja mmoja, akakung'uta udongo wa mizizi, akafunga mzigo, akaufungia kamba yake ya kichwani. Akaniachia viazi kwenye ngazi. Akapanda njia ya kwenda Nyantende, na mimi nikabaki na chokaa mikononi, maana kulikuwa na mawe ya kupaka.

Mgeni alikuja, akapita. Hata sikumbuki alisema nini. Nyumbani Kadutu nilikuta mlango umefungwa, ndivyo hasa nilivyokuwa nimeogopa, na ufunguo kwa jirani.

Nilikaa zaidi ya mwezi kabla sijapata uso wa kwenda kumwona. Nilibeba sukari, chumvi na sabuni, kama wafanyavyo wana wakosaji. Alinipokea vizuri. Alinipikia. Nilipofunua sahani nikaona maharage, nikainua macho, na juu ya jiko, ndani ya moshi, ulikuwa unaning'inia ule mzigo wa maharage, umekaukia pale, umepukutishwa nusu. Aliyakomaza kwa moshi. Mengi yalikuwa yamesinyaa, lakini yalikuwa yameiva sufuriani.

Nilikula kidogo. Mwishowe nikamuuliza kile kilichokuwa kinanitafuna. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakusema. Mashahidi walikuwepo, ofisi nzima ilimwona yule mtu akinywa. Shamba lilikuwa lake. Angedai.

Mama akanishangaa kweli.

"Shamba yangu? Mi mwanamuke, kwetu mwanamuke anatoa kalinzi kwa jina yake? Nilitoa kwa jina yako. Nilisema: mutoto yangu atakuwa na udongo yake mu Bukavu, hata mi nikikufa, hakuna mutu atamufukuza." Akachochea moto kidogo. "Sasa mutu akingoa ya kwake, nani atamukataza?"

Kisha akachukua sahani yangu, akaniongeza maharage.