Mjomba Cleophas na keki ya nafasi ya tatu

Jamani, mimi mpaka leo sijaelewa vizuri kilichotokea, ila nimefurahi hivyo hivyo, kwa hiyo ngoja niwahadithie.

Mjomba wangu anaitwa Cleophas. Ni mdogo wake mama. Ni nesi, anakaa mji wa Savage huku Marekani, kazi yake iko Roseville kwenye nyumba ya wazee. Ukimuuliza kwao ni wapi anakujibu, "Upare," anasita kidogo, halafu anaongeza, "na Little Pellow." Upare tunapajua. Little Pellow ndiyo shida.

Little Pellow ni kijiji cha Uingereza. Kadogo yaani! Nilikatafuta kwenye simu nika-zoom, nika-zoom, ikatokea barabara moja, kanisa, na ng'ombe. Mjomba alikaa hapo miaka mingi akifanya kazi hospitali ya jirani, kabla hajaja huku Minnesota. Nikamuuliza, sasa kama hii ni Little, ile kubwa iko wapi? Akasema ile kubwa ilikufa. Zamani sana iliingia tauni, watu wakaisha, nyumba zikaanguka, leo pale ni shamba la shayiri tu. Na ile ndogo ikaendelea kuitwa ndogo.

"Si wangebadilisha jina?"

"Wabadilishe kwa nini?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye wa ajabu.

Ana habari nyingi za hapo. Duka lao lilitaka kufungwa, wanakijiji wakagawana zamu wakawa wanauza wenyewe bila mshahara, na mjomba alikuwa zamu ya Jumanne. Katikati ya kijiji kuna jiwe lenye majina ya vijana waliokufa vitani, matatu ni ya nyumba moja, na kila Novemba watu wanasimama pale kwenye mvua wanayasoma yote kwa sauti. Mjomba anayajua kwa kichwa. Mpare wa watu, anakutajia vijana wa Kizungu waliokufa babu yake hajazaliwa! Mi huwa namwangalia tu.

Lakini kitu anachokipenda kuliko vyote ni maonyesho. Mara moja kwa mwaka wanapiga hema uwanjani, kila mtu analeta kitu chake kwenye sahani. Vitunguu vinne vinavyolingana. Chupa ya jamu. Keki. Hakuna jina, namba tu. Jaji anapita anaonja, anaweka kikadi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, na maneno kidogo. Mwaka wake wa kwanza pale mjomba alikuwa haongei na mtu zaidi ya habari za mvua. Akapeleka nyanya zake. Jaji akaandika, "Tamu, ila hazilingani." Toka siku hiyo akipita barabarani watu wanamsimamisha, wewe si ndiye wa nyanya zisizolingana? Karibu chai!

"Walikutukana," mama alimwambia.

"Walinikaribisha, dada."

Mnaona sasa. Hapo ndipo kila kitu kilipoanza kuharibika.

Maana mjomba anataka kumuoa Mama Edson. Hiyo si siri. Mama Edson jina lake Ernestina, ni mjane, mtoto wake Edson yuko chuo, na yeye ndiye mwenye keki. Graduation, harusi, msiba, mtu akipata karatasi zake za kuishi huku, keki ni ya Mama Edson, ile yenye iliki na sukari ya unga juu. Mwezi wa nane mjomba alimwambia anampenda, pale kwenye parking ya mall ya Roseville, huku wameshika mifuko. Akajibiwa, "Nitakupa jibu langu." Najuaje? Mama Edson alimwambia mama, na simu ya mama huwa iko kwenye spika.

Wakati jibu bado halijaja, ikafika sikukuu ya mavuno kanisani. Kawaida tunafanya mnada. Unaleta boga, watu wanalipandisha bei wakicheka, linanunuliwa. Mjomba akasimama akaomba mwaka huu tufanye maonyesho kama ya Little Pellow. Watu hawakuelewa. Mimi nikasema, ah, kama State Fair, yale maonyesho ya jimbo! Mama akanijibu, "State Fair wanashindana ng'ombe, sio akina mama."

Ila wakakubali, maana mjomba ni mtu mzuri. Akachaguliwa jaji kwa sababu hakuna mwingine aliyejua jaji anafanya nini.

Siku yenyewe ukumbi wa chini kanisani ulipendeza jamani! Maboga, mchicha wa mtu wa Maple Grove, pilipili, na keki kumi na kitu zenye namba. Mjomba amevaa koti na tai, anakata kipande, anafumba macho, anatafuna taratibu kama anasikiliza kitu. Watu wanacheka, wanapiga video. Halafu akaweka vikadi na watu wakaacha kucheka.

Wa kwanza Lenny. Lenny ni kijana wa Kenya, alikuja kula bure, akaambiwa huwezi kuja mikono mitupu, akatengeneza keki ya boksi. Ya boksi! Ile unaongeza mayai na maji! Wa pili dada mmoja, Serah. Wa tatu, namba saba. Namba saba ilikuwa na sukari ya unga juu. Kikadi kimeandikwa, "Ladha nzuri sana. Imekauka pembeni."

Mama Edson alikisoma. Akakisoma tena. Lenny masikini ya Mungu akasema, "Mathe, chukua hii kadi yangu, mi sijali." Ndiyo akaharibu kabisa. Mama Edson akafunika keki yake na foili, akasema, "Bwana asifiwe, watu wa Mungu," akaondoka. Keki hiyo hata sisi hatukuionja.

Kwenye group la WhatsApp la kanisa hakuna aliyeandika kitu siku nzima. Group letu! Ambalo watu wanatuma maua asubuhi, mchana na jioni! Mjomba akapiga simu nyumbani. "Mbona hakuna mtu aliyeniambia kitu? Pellow wangekuwa wameshanialika chai."

"Cleo," mama akamwambia, "umemkosa huyo mwanamke. Unaelewa? Umemkosa kwa sababu ya pembeni."

Nilisikia mjomba anavuta pumzi. Kumbe alikuwa hajui. Yaani kweli alikuwa hajui! Akauliza kwa sauti ndogo, "Nimemkosa kabisa?" Mimi niliyekuwa nacheka, kicheko kikaniisha.

Mama akaitisha kikao. Jumapili iliyofuata, kwetu, baada ya ibada, na pilau juu yake. Kabla Mama Edson hajafika, mama alimkalisha mjomba jikoni akamfundisha kama mtoto.

"Atakuuliza kama ulijua keki ni yake. Wewe sema hukujua. Zilikuwa namba tu. Basi, yameisha, tunakula."

"Sawa."

"Rudia."

"Sikujua, zilikuwa namba tu."

Safi. Hata mimi nikaona imeisha hiyo.

Mama Edson akaja na kitenge chake kipya, akakaa, akakataa soda. Mama akaanza na maneno ya sisi sote ni ndugu huku ugenini. Mama Edson akamkata kwa upole.

"Wifi, naomba nimuulize mwenyewe." Akamgeukia mjomba. "Cleophas. Ulijua ni ya kwangu?"

Mimi na mama tukamwangalia mjomba. Mjomba akaangalia pilau.

"Nilijua," akasema.

Mama akajipiga kofi pajani. "Yesu na Maria!" Na sisi ni Walutheri.

"Ulijuaje?"

"Iliki. Nilijua kabla sijameza."

"Na ukaipa ya tatu."

"Ilikuwa ya tatu, Mama Edson."

"Nyuma ya boksi?"

"Ile boksi ilikuwa laini."

Nikasema moyoni, mjomba wangu kwisha habari yake. Mama Edson akawa anaviringisha ncha ya kitenge chake kwenye kidole. Nilidhani ataondoka, nikamsogezea hata viatu vyake mlangoni asihangaike kuvitafuta.

"Mimi nimeoka hapa toka Edson anabebwa," akasema. "Kila mtu ananiambia tamu. Imeungua, tamu. Nimesahau sukari siku ile ya msiba wa Mama Rahab, tamu sana dada. Sasa wewe umeniambia imekauka. Nikaenda nyumbani nikaionja mwenyewe." Akakiachia kitenge. "Swali langu ni moja. Ile siku pale mall. Yale maneno uliyoniambia. Ulikuwa unaongea kama hawa wengine, au ulikuwa unaongea kama kwenye kikadi?"

Mjomba akainua macho. "Kama kwenye kikadi."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Mama Edson akavuta sahani, akajipakulia pilau. Nyingi! Akala vijiko viwili vitatu hivi huku sisi tunamkodolea.

"Elinaja," akamwambia mama, "tafuta mshenga. Kaka zangu wako Moshi, wapigieni wiki hii wasije wakasema nimejipeleka. Ila huyu asiongee nao mwenyewe. Wakimuuliza nina miaka mingapi atawaambia."

Mama akapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Mjomba akabaki ameshika kijiko hewani, ananigeukia mimi, ati mimi!

"Kwa hiyo," akaninong'oneza, "amekubali, au bado ana hasira?"

Nikamwambia sijui, mjomba. Kweli sikujua, maana Mama Edson alikuwa anatabasamu na bado hamwangalii. Kisha bila hata kugeuka akasema, "Vyote viwili. Nipitishie kachumbari."