Ng'ombe wa Ndani ya Kompyuta

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi wakajaa Bunda, na shirika letu la pamba la Musoma lilianza kufa kidogo kidogo. Sisi wawili wa chumba cha kompyuta tukaambiwa tuandike kitabu cha rejea: kila programu inasoma faili gani, inategemewa na zipi, ukigusa hapa kunaharibika nini kule. Mkuu wetu alisema shirika litauzwa, na mnunuzi akikuta mambo yameandikwa vizuri atatubakiza kazini. Nilimwamini. Nilikuwa na mke na watoto katika nyumba ya kupanga Kitaji. Nisingemwamini, ningefanya nini?

Mwenzangu, mtu wa Butiama, ndiye aliyeziandika programu zote, na alizipa majina ya ng'ombe wa baba yake. Madoa ilikuwa ya mishahara, Kipara ya stoo. Mimi mtoto wa wavuvi wa Kiriba, ng'ombe kwangu ni ng'ombe tu. Nikaandika kwamba Madoa ni ya mishahara peke yake. Tukaibadilisha kidogo kwa majaribio, na hesabu ya pamba ya ghala la Bunda ikavurugika yote. Nilimuuliza kwa hasira Madoa inatafuta nini kwenye pamba. Akanishangaa.

"Si niliipelekaga huko?" alisema. "Ng'ombe akiendaga kwa watu kwa mahari, jina lake anaendaga nalo."

Kumbe kipande cha Madoa alikipandikiza pia kwenye hesabu ya pamba, kwa jina lile lile. Ikabidi tuanze upya, safari hii kwa njia ya kwao: programu hii mama yake nani, imezaa nini, sasa iko zizi la nani. Kilitoka kitabu kizuri. Sijafanya kazi nzuri kuliko ile, na nikikumbuka natamani kutema mate.

Watu wa mnunuzi wakaja. Mtaalamu wao alikisoma asubuhi nzima, akatusifu, akasema kimemrahisishia sana kazi. Roho yangu ikatulia. Ndipo akaieleza kazi yenyewe: wamekuja na programu zao, za kwetu zifutwe moja moja, bila kuharibu malipo ya mwisho ya wakulima yaliyokuwa yakiendelea kuchapwa. Tuanze na zile ambazo hakuna nyingine inayozitegemea. Mpangilio wote ulikuwa kitabuni.

Mwenzangu alikaa kwenye kibodi, mimi nikawa namsomea majina. Nilimwomba Mungu tuwe tumekosea mahali, hata ukurasa mmoja tu, mashine igome, waone kwamba bado wanatuhitaji. Haikugoma. Zilipobaki chache, mwenzangu aliinuka kwenye kiti.

"Malizia wewe, mura," alisema. "Mimi siwezi."

Nikamalizia. Mtaalamu alikagua, akatushika mkono sisi wote wawili, akasema hajakuta kosa hata moja.