Fundi Saa Akataa Mfumo Mpya

Fundi saa alikuwa na kompyuta moja sebuleni, kuukuu, inayowaka kwa mbinde na kunguruma kama friji. Kila akiiwasha, ilimwambia mfumo wake umepitwa na wakati, aweke mpya. Naye aliufunga ujumbe, akaendelea kutazama picha za saa za zamani.

Msimlaumu jamani. Mwanawe, fundi wa kompyuta, kazi ilimpeleka mji wa mbali, na simu zake zote zilikuwa za mama. Baba aliambulia salamu tu: "Mwambie mzee namsalimu." Mpaka siku mama alipoutaja ule ujumbe, ndipo kijana akasema, hebu nipe baba. Wakabishana hadi sikio likapata moto. Mzee akashinda na furaha siku nzima, na tangu hapo akawa mbishi wa kutupwa.

"Baba, weka mfumo mpya. Wezi wa mtandaoni watakuvamia!"

"Waje! Watasubiri iwake kama ninavyosubiri mimi."

Wiki iliyofuata akasingizia kwamba mfumo mpya utameza picha zake. Akaja na la umeme. Akaja na la macho kuzoea rangi zile. Na huyu ni mtu ambaye akiletewa saa iliyokaa miaka bila kusafishwa, humfokea mwenye saa mpaka aombe radhi! Mkewe akamcheka waziwazi: "Kinachokuuma wala si kompyuta, mume wangu." Ilikuwa kweli. Alimkumbuka mwanawe mno.

Hatimaye uvumilivu ukamwisha kijana, akafunga safari. Kaingia na mkoba wake, hata maji hajanywa, kaketi mbele ya kompyuta.

"Leo naimaliza hii, baba. Haitakusumbua tena."

Mzee akasogea haraka. Akaweka kiganja juu ya kibodi. "Ngoja kwanza. Yaani haitasumbua kabisa?"

Kijana akautazama mkono ule, uliozoea kushika vijigurudumu vidogo kuliko punje ya mchele, sasa umeing'ang'ania kibodi. Mama yake akamkonyeza kutoka mlangoni.

"Kusema kweli, baba, huu mfumo mpya una kero zake. Kila mara utadai kitu. Itabidi nikupigie kila wiki."

"Kila wiki! Balaa gani hilo?" Mzee akauondoa mkono upesi. "Haya, weka."